Njia Kwanza, Pumzi Baadaye

Kila unapovuta pumzi, misuli ya ulimi wako hukaza kabla kifua hakijaanza kupanuka. Tofauti yenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde, wala huihisi. Tundu za pua hupanuka kidogo, ulimi huvutwa mbele, nyuzi za sauti huachana, na hapo ndipo kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, huanza kushuka na kuivuta hewa ndani. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 17,000 kwa siku, awe anasoma, amelala fofofo au anawaza madeni yake. Mpangilio ni ule ule: njia kwanza, pumzi baadaye.

Nimesoma mengi kuhusu upumuaji, na bado ni mpangilio huu unaonishangaza kuliko yote. Tumezoea kuusifu moyo, na kweli unastahili. Lakini moyo una mapigo yake wenyewe, na hata ukitengwa na neva zote huendelea kudunda. Kiwambo hakina bahati hiyo. Hakijui kupiga chenyewe. Kila pumzi, tangu kilio cha kwanza cha mtoto hadi siku ya mwisho ya mzee, lazima iagizwe. Anayeagiza yuko ndani ya fuvu, usawa wa kisogo, pale ubongo unapokwisha na uti wa mgongo kuanza: kwenye shina la ubongo. Huyo ndiye fundi ninayetaka kumsifu hapa.

Ili kuuona ustadi wake, anza na tatizo analokabiliana nalo. Weka kidole mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto. Utagusa vitu vigumu vilivyopangana. Ni pete za gegedu, nazo kazi yake ni kulishikilia bomba la hewa lisijifunge. Sasa panda juu. Kuanzia zoloto hadi nyuma ya pua hakuna pete hata moja inayoizunguka njia. Ni nyama tupu: ulimi mbele, kaakaa laini juu, kuta za koromeo pembeni na nyuma. Hata ule mfupa mdogo unaoshikilia mzizi wa ulimi haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Umeshikwa na misuli na kano tu. Ulaini huo tunauhitaji, maana ndio unaotuwezesha kumeza tonge na kutamka maneno. Lakini kiwambo kinaposhuka, mvuto wake unafika njia nzima, na kuta laini zikivutwa hukaribiana. Pumzi yenyewe inaelekea kuiziba njia yake. Kifua kikivuta bila koromeo kukazwa kwanza, mtu anaweza kukosa hewa kwa nguvu ya kifua chake mwenyewe.

Fundi amelipatia tatizo hili majibu mawili. La kwanza ni kuwahi: agizo la ulimi, linalopita kwenye neva ya 12 ya kichwa, hutangulia lile la kiwambo linalopita kwenye neva zitokazo shingoni. La pili ni kukesha. Ngozi laini ya ndani ya koromeo na zoloto ina vihisio vinavyopima mvuto wa hewa. Mvuto ukizidi ghafla, habari hupanda hadi kwenye shina la ubongo, na agizo la kukaza ulimi hurudi kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wewe mwenyewe bado hujajua kama kulikuwa na hatari.

Makazi ya fundi huyu yalitafutwa kwa muda mrefu. Daktari Mfaransa Julien Legallois, aliyekuwa Paris, alichapisha mwaka 1812 majaribio aliyoyafanya kwa sungura. Aliukata ubongo tabaka kwa tabaka, kutoka juu kwenda chini. Sungura aliendelea kupumua hata sehemu kubwa ya ubongo ilipokwisha kuondolewa, mpaka kisu kilipofika mahali fulani padogo kwenye medula, ile sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo yenye urefu wa sentimita 3 hivi kwa binadamu. Pumzi ikakoma pale pale. Ni majaribio makali, na sijapata kuyasoma bila kumhurumia mnyama yule. Lakini tangu siku hiyo haikuwezekana tena kudai kwamba mapafu hujiendesha.

Jibu la ndani zaidi lilingoja hadi mwaka 1991. Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walichukua medula ya panya aliyezaliwa karibuni, wakakata kipande chembamba chenye unene wa nusu milimita hivi, wakakiweka kwenye maji yenye chumvi, sukari na oksijeni. Kipande hicho kilikuwa na kikundi kidogo cha seli kila upande, na pia seli zinazoutuma ulimi. Wakaunganisha vifaa vyao kwenye mzizi wa neva ya ulimi uliobaki ukining'inia pembeni, wakasikiliza. Kimya, mshindo, kimya, mshindo. Hapakuwa na pafu, hapakuwa na kifua wala damu, hapakuwa tena na panya. Lakini kile kipande cha nyama kiliendelea kuuagiza ulimi usogee mbele, uipishe pumzi.

Kikundi kile kinaitwa preBötzinger, jina lililotokana na divai ya Kijerumani iliyokuwepo mezani siku kikundi jirani cha seli kilipopewa jina lake. Ni seli elfu chache tu. Wanasayansi wangali wanajadiliana jinsi hasa mdundo unavyozaliwa humo, kama ni seli chache zenye kujiamsha zenyewe au ni seli nyingi zinazoamshana mpaka zinafyatuka kwa pamoja. Jambo moja halina ubishi. Katika panya ambao seli hizo zimeharibiwa kidogo kidogo, pumzi huvurugika, na huanza kuvurugika usingizini, wakati ambapo sehemu nyingine za ubongo hazipo macho kusaidia.

Nataka kuizungumzia pia kazi ya kutoa pumzi, maana wengi hudhani kutoa ni kuachia tu. Mara kiwambo kinapomaliza kuvuta, shina la ubongo halikiachii kwa ghafla. Hukilegeza polepole, na wakati huo huo huzibana kidogo nyuzi za sauti ili hewa itoke taratibu. Mkunga mzoefu ameusikia ubanaji huu kwa masikio yake. Mtoto mchanga ambaye mapafu yake hayajakomaa huguna kila anapotoa pumzi. Mguno ule ni zoloto likizuia hewa isiishe yote, ili vile vifuko vidogo vya mapafu visijifunge na kushikana. Wakunga hufundishwa kwamba mguno ni dalili ya hatari, na ndivyo ulivyo, mtoto awahishwe. Lakini mimi nikiufikiria naona pia mtoto wa saa mbili ambaye hajafundishwa lolote, na tayari ndani yake kuna anayejua nini cha kubana, wakati gani, na kwa kiasi gani. Mashine ya mapovu inayotumika katika wodi za watoto wachanga, ile ambayo bomba lake la kutolea hewa limezamishwa ndani ya maji, hufanya kazi hiyo hiyo kutoka nje: huacha shinikizo kidogo ndani ya mapafu mtoto anapotoa pumzi.

Kisha kuna kushusha pumzi. Kila baada ya dakika chache, uwe na huzuni au usiwe nayo, unavuta pumzi kubwa karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Kazi yake ni kuvifungua tena vifuko vilivyokuwa vimeanza kujifunga. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Feldman akiwa mmoja wao, walieleza kwamba katika panya ni seli zipatazo 200 zinazopeleka ujumbe wa kemikali wa kuigeuza pumzi ya kawaida kuwa ndefu. Fundi hukagua kazi yake kila mara na kurekebisha pale palipolegea.

Anajuaje avute kiasi gani? Hasa kwa kupima hewa ukaa. John Haldane na John Priestley walionyesha huko Oxford mwaka 1905 kwamba hewa ukaa iliyomo mapafuni ikiongezeka kwa asilimia 0.2 tu, kiasi cha hewa ambacho mtu huvuta hukaribia kuwa maradufu. Seli zinazoihisi ziko sehemu ya mbele ya medula. Upungufu wa oksijeni hupimwa kwingine, kwenye vijinundu vya milimita chache vilivyo shingoni kandokando ya mishipa mikubwa ya damu, na kwa kulifafanua hilo Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938. Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro wameshuhudia vipimo hivi viwili vikivutana. Usiku kwenye kambi ya Kibo, mita 4,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mgeni aliyelala huhema kwa nguvu, kisha pumzi zinapungua, zinapungua tena, zinakoma kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu anarudi kwa pumzi kubwa inayomshtua aliye karibu naye. Oksijeni ni haba, kwa hiyo anahema. Kuhema kunaiondoa hewa ukaa, na hewa ukaa ikipungua mno hakuna kinachomwamuru kuvuta. Anatulia mpaka oksijeni inaposhuka tena. Kwa mgeni mwenye afya, fundi hajaharibika. Ana vipimo viwili vinavyomwambia mambo tofauti, naye anavitii vyote.

Na mapito haya haya ya hewa ndiyo mapito ya chakula. Meza mate sasa hivi, na ujaribu kuvuta pumzi katikati ya kumeza. Huwezi. Kwa muda wa sekunde moja hivi shina la ubongo linaisimamisha pumzi, linalifunga zoloto, linalipandisha juu, linapitisha tonge nyuma yake, kisha linafungua. Zaidi ya hapo, mara nyingi linachagua kumeza wakati wa kutoa pumzi, na baada ya kumeza huanza tena kwa kutoa, ili chochote kilichobaki mlangoni kisukumwe nje badala ya kuvutwa ndani. Anayecheka huku anakula akapaliwa ameuvuruga utaratibu huo, na hata hapo kikohozi kinachomwokoa kinaagizwa kutoka shina hilo hilo. Msomaji wa Kurani mwenye pumzi ndefu, anayevuta mara moja kwa haraka kisha akaitoa hewa kidogo kidogo hadi mwisho wa aya, ameomba ruhusa ya fundi akapewa. Ila ruhusa ina mpaka. Hewa ukaa ikijaa, atavuta tu, apende asipende.

Usingizi ndio unaotuonyesha fundi akiwa peke yake. Tukilala, misuli ya ulimi na koromeo hulegea kuliko kiwambo, na hulegea zaidi tunapoota ndoto. Kwa watu wengi nafasi inayobaki inatosha. Kwa wengine, hasa wenye shingo nene au taya dogo, kuta hukaribiana na kutetema, na huo ndio mkoromo. Kwa baadhi yao zinakutana kabisa: kifua kinavuta, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi, hadi ubongo unaposhtuka, ulimi unakaza na mtu anagutuka kwa mkoromo mkubwa. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba anayekoroma sana ndiye anayelala vizuri. Hilo si kweli, na kwa mtu anayekata pumzi namna hii ni hatari, kwa kuwa asubuhi anaamka amechoka na kwa miaka presha yake inapanda. Ukimsikia mwenzako akikoroma kisha akanyamaza, mwambie, na mwende mkamwone daktari.

Tiba zenyewe zinaufuata ule mpangilio wa mwanzo. Daktari Colin Sullivan wa Sydney alionyesha mwaka 1981 kwamba kusukuma hewa kidogo puani kunatosha kuzitenga kuta za koromeo usiku kucha. Baadaye kikaja kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Kifaa hicho kinahisi mwendo wa kifua kwa waya ulio kati ya mbavu, na kila pumzi inapokuja kinaisisimua neva ya ulimi kwa waya mwingine ili ulimi utoke mbele. Wahandisi walipojaribu kuishika kazi ya fundi, walilazimika kujifunza zamu zake.

Hakuna mahali ambapo thamani ya zamu hizo ilijulikana kwa uchungu kama Copenhagen mwaka 1952. Polio ililipuka mjini, nayo kwa wagonjwa wengi ilishambulia shina la ubongo. Wakati huo tiba iliyokuwepo ilikuwa mashine zinazokizunguka kifua na kukivuta kutoka nje, maarufu zaidi likiwa lile sanduku lililoitwa pafu la chuma. Mashine hizo zilikuwa zimeokoa watu waliopooza kifua. Lakini hawa walikuwa wamepooza koromeo pia. Hawakuweza kumeza, mate yakajaa, na mashine ilivuta bila kuuliza kama njia iko wazi. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine hizo katika hospitali ya Blegdam, 27 walikufa.

Tarehe 27 Agosti mtaalamu wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, aliruhusiwa kujaribu kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akifa. Tundu lilifunguliwa mbele ya shingo yake, bomba likapitishwa chini ya koromeo lililopooza, mate yakanyonywa, kisha Ibsen akaanza kumpa hewa kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Njia kwanza. Msichana akapona hatari ile, na hospitali ikaita wanafunzi wa udaktari. Wapatao 1,500 walikaa kwa zamu vichwani mwa wagonjwa, mchana na usiku, kwa miezi, wakiminya mifuko ile. Vifo vikapungua sana, na kutokana na kazi hiyo zikazaliwa wodi za wagonjwa mahututi tulizo nazo leo. Vijana 1,500 walihitajika kufanya, kwa wagonjwa wa mji mmoja, kazi ambayo ndani ya kila mmoja wetu hufanywa na kikundi cha seli kisichoonekana kwa macho.

Ustadi wa Ibsen ungalipo katika kila chumba cha upasuaji. Mgonjwa akishapewa nusukaputi, mtaalamu aliye upande wa kichwa hachelewi: vidole vyake vinashika nyuma ya pembe za taya na kulisukuma mbele. Ulimi umeshikamana na taya, kwa hiyo taya likienda mbele ulimi nao unafuata, koromeo linafunguka, na sauti ya mkoromo inakatika. Kwa muda ule vidole viwili vinafanya kazi ya neva ya 12.

Katika wodi za watoto njiti utamkuta fundi akiwa bado mwanagenzi. Karibu watoto wote wanaozaliwa kabla ya wiki 28 husahau kupumua mara kwa mara. Muuguzi anamgusa mtoto kwenye unyayo, naye anavuta. Anaangalia pia shingo, kwa kuwa ikijikunja mbele njia inaziba, hivyo huweka kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, mara nyingi khanga ya mama mwenyewe, ili kichwa kikae sawa. Dawa mojawapo ni kafeini, ile ile ya kwenye kahawa, ambayo huzuia kemikali inayozituliza mno seli za upumuaji. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, ulioshirikisha watoto 2,006, waliopewa kafeini waliondolewa kwenye mashine za kupumulia karibu wiki moja mapema kuliko wasiopewa. Unapofika wakati ambao mimba ingekuwa na wiki 36 au 37, wengi wa watoto njiti wanakuwa wameacha kusahau. Hakuna aliyewafundisha.

Sisi tusio wauguzi tunaweza kulijua walau jambo moja. Ukimkuta mtu amezimia lakini anapumua, usimwache chali na usimwekee mto. Mlaze ubavu, kichwa kiinuliwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini, ili ulimi na matapishi visiizibe njia. Kama ameanguka kutoka juu au amegongwa, usiikunje wala kuizungusha shingo. Sukuma taya mbele kwa vidole na ushikilie hapo. Kisha paza sauti, uombe msaada.